Joseph Thomson: Alitafuta makaa Ruvuma, akakuta mapango Elgon

Mwaka 1881 Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alikuwa na meli za moshi, na meli za moshi chakula chake ni makaa ya mawe. Makaa hayo yaliagizwa kutoka ng'ambo na gharama yake haikuwa ndogo. Habari ikamfikia kwamba huenda yapo karibu. David Livingstone, aliyepanda mto Ruvuma kwa mashua mwaka 1862, alikuwa ametangaza kuona vipande vya makaa katika bonde lake. Kama tabaka nene la makaa lingepatikana huko, Sultani angejitosheleza, na pengine angewauzia wengine.

Wakati huo mpaka wa Ruvuma kama unavyojulikana leo haukuwapo. Zanzibar ilidai pwani yote hadi ghuba ya Tungi, ambako leo ni Palma, jirani na Olumbi. Mkataba wa Wajerumani na Wareno wa kuufanya mto kuwa mpaka ulikuja mwaka 1886, na mwaka uliofuata Wareno wakaichukua Tungi kwa nguvu. Mtu aliyetoka Mikindani kwenda Tungi mwaka 1881 alivuka maji tu, hakuvuka nchi.

Sultani alihitaji mtu anayejua kusoma mawe. Akampata kijana wa Kiskoti mwenye umri wa miaka 23, jina lake Joseph Thomson.

Mtoto wa machimboni

Thomson alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Uskoti. Baba yake, William, alikuwa fundi mwashi, na baadaye akakodi machimbo ya mawe ya Gatelawbridge, karibu na mji mdogo wa Thornhill. Kijana Joseph alikulia humo, kati ya nyundo na patasi, akiona namna jiwe linavyopasuka kwa kufuata tabaka zake na namna ukuta wa mlima unavyoonyesha historia yake ukikatwa.

Si mbali na machimbo hayo kuna korongo la Crichope Linn. Maji yamelikata jiwe jekundu la mchanga hadi kuacha kuta ndefu, vijia vyembamba na vipango, ambamo zamani watu waliokuwa wakiwindwa kwa ajili ya imani yao walijificha. Kwa mtoto mwenye macho, mahali kama hapo ni darasa. Thornhill pia alikuwako daktari mmoja, Thomas Grierson, aliyekusanya mawe, mifupa na vitu vya kale katika jumba lake la makumbusho na kuwapa moyo vijana waliopenda kuuliza maswali.

Alipokwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh alisoma jiolojia chini ya Archibald Geikie, mmoja wa wataalamu wakubwa wa miamba wa zama zake. Mwaka 1878 akasikia kwamba Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London inatuma msafara Afrika Mashariki ukiongozwa na mchora ramani Keith Johnston. Thomson aliomba kazi yoyote. Akachukuliwa kuwa mwanajiolojia wa msafara akiwa na miaka 20.

Msafara uliondoka Dar es Salaam Mei 1879. Mwezi uliofuata, tarehe 28 Juni, Johnston akafa kwa ugonjwa huko Behobeho, katika nchi ambayo baadaye ilikuja kuitwa Selous. Kijana aliyekuja kuokota mawe akabaki peke yake na msafara wa watu zaidi ya mia, njia ndefu mbele yake, na uamuzi wa kurudi au kuendelea. Akaendelea.

Hakuwa peke yake kweli. Mkuu wa wapagazi alikuwa Chuma, Myao aliyewahi kukombolewa kutoka mikononi mwa wauza watumwa akiwa mtoto, akamtumikia Livingstone miaka mingi, na mwaka 1873 akawa miongoni mwa walioubeba mwili wake kutoka bara hadi Bagamoyo. Chuma alijua njia, alijua lugha, alijua lini pa kutoa hongo na lini pa kubembeleza. Thomson akajifunza kwake. Walifika ziwa Nyasa, wakafika Tanganyika, wakaona mto Lukuga unavyotoka ziwani humo kuelekea Kongo, wakaliona ziwa Rukwa, kisha wakarudi Bagamoyo kwa njia ya Tabora mwaka 1880. Thomson alirejea na sifa moja aliyoijali kuliko nyingine zote, ya kwamba hakuna mwenyeji aliyemwaga damu yake.

Jibu ambalo tajiri hakutaka

Huyo ndiye aliyeitwa na Barghash. Thomson na Chuma wakaanzia Mikindani na kupanda bonde la Ruvuma hadi upande wa makutano yake na mto Lujenda, pale ambapo makaa yalisemwa yapo. Kazi yenyewe ilikuwa ya kushuka makorongoni. Mwanajiolojia hatafuti juu ya udongo, maana juu kumefunikwa na majani na mchanga. Hutafuta mahali ambapo maji yamekwisha kumchimbia, kama vile kingo za mito, maporomoko na nyufa za miamba. Huko ndiko matumbo ya nchi huonekana bila jembe.

Alichokikuta ni jiwe jeusi lenye mafuta kidogo ndani yake, ambalo lingeweza kushika moto kwa shida lakini si makaa ya mawe ya kuendeshea meli. Wakati huo Thomson alikuwa na njia mbili. Angeweza kusema kwamba dalili ni nzuri na fedha zaidi zinahitajika. Sultani angefurahi, mshahara ungeendelea, na miaka miwili au mitatu ingepita kabla ukweli haujajulikana. Wako wengi waliofanya hivyo kabla yake na baada yake, katika dhahabu, vito na mafuta.

Thomson alirudi Zanzibar akasema hakuna makaa. Barghash hakupendezwa. Kijana aliyetarajiwa kumletea utajiri alikuwa amemletea hasara ya safari nzima, na muda wake katika utumishi wa Sultani ulikwisha bila furaha. Chuma naye hakuishi sana baada ya hapo, maana alifariki Zanzibar mwaka 1882.

Kwa mtu wa biashara kisa hiki hakihitaji kufafanuliwa. Mpimaji anayemwambia mwenye mali kwamba gunia ni pungufu hapendwi siku ile, ila ndiye anayetafutwa siku nyingine. Mwaka mmoja tu baadaye Jumuiya ya London ilimwita tena Thomson na kumkabidhi safari ngumu kuliko zote: kutoka pwani ya Mombasa hadi ziwa Viktoria kwa kupita katikati ya nchi ya Wamaasai.

Shanga za Taveta

Aliondoka Mombasa Machi 1883. Msaidizi wake alikuwa James Martin, baharia kutoka Malta ambaye hakujua kusoma wala kuandika lakini alijua Kiswahili na alijua watu. Bidhaa zilikuwa nguo, senenge na shanga. Walipofika Taveta wakagundua kwamba shanga zilizofungwa pwani hazifai hivyo zilivyo. Wamaasai walitaka zitungwe kwa urefu wao maalumu, na rangi iliyopendwa mahali pamoja ilikataliwa mahali pengine. Msafara mzima ukakaa chini kutunga shanga upya. Mali ni ile ile, lakini mnunuzi ndiye anayeamua namna ya kuifunga.

Jaribio la kwanza lilishindikana. Mjerumani Gustav Fischer alikuwa ametangulia na kugombana na wenyeji, na hasira yote ikamngoja aliyefuata. Thomson akaondoka usiku, akarudi Taveta, na mwenyewe akashuka haraka hadi Mombasa kutafuta bidhaa na watu zaidi. Safari ya pili aliungana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani aliyezijua njia za bara tangu zamani. Bila Kimameta na watu wake jina la Thomson pengine lingeishia nyikani. Ramani zilizochapwa London baadaye zilichorwa juu ya njia ambazo wafanyabiashara wa Pangani na Mombasa walikuwa wakizipita kwa miguu miaka mingi.

Walipita Ngong, Naivasha na Baringo, Thomson akakata kupitia Laikipia akauona mlima Kenya, na Desemba 1883 akafika ukingo wa ziwa Viktoria. Kazi aliyotumwa ilikuwa imekwisha. Angeweza kurudi kwa njia aliyoijia. Badala yake akageuka kaskazini kuelekea mlima mkubwa aliouona kwa mbali, Elgon.

Mji ndani ya mlima

Elgon ni volkano ya zamani iliyolala, yenye kilele cha mita 4,321, na leo mpaka wa Kenya na Uganda unapita juu yake. Upande wa kusini Thomson alipelekwa kwenye jambo ambalo hakulitarajia. Katika ukuta wa mwamba kulikuwa na mlango mpana. Mbele yake palisimikwa boma la magogo lenye upenyo mdogo wa kupita, na ndani walikuwamo watu pamoja na vibanda vyao, maghala ya nafaka, ng'ombe na mbuzi. Kijiji kizima kilikuwa kimehamia tumboni mwa mlima kwa kuwaogopa maadui. Na pango halikuwa moja tu, mengine yalikuwa kando ya mlima ule ule.

Mtoto wa machimbo ya Gatelawbridge alitazama dari na kuta kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwingine. Jiwe lilikuwa majivu na vipande vya volkano vilivyoshikamana. Halikuwa jiwe la chokaa, ambalo maji huliyeyusha polepole na kutengeneza mapango. Hapakuwa na mto uliopita humo, wala bahari iliyopiga ukuta ule. Kuta zilionyesha alama za kuchimbwa. Nani basi aliyechimba?

Aliwauliza wenyeji. Walimweleza kwamba mapango ni ya Mungu, wazee wao waliyakuta yalivyo, na wao hawana zana ya kuchimba kazi kubwa namna ile. Thomson hakuridhika. Akahitimisha kwamba zamani taifa lenye ustadi mkubwa, huenda Wamisri, lilifika hadi huko kutafuta madini au vito, na mapango ni machimbo waliyoyaacha.

Alikosea. Utafiti wa karne ya 20 ulionyesha kwamba jiwe la Elgon lina chumvichumvi ambayo mvua huiosha kutoka udongo wa juu, hivyo wanyama wa mlimani wana njaa nayo. Tembo huingia mapangoni usiku, hupapasa njia kwa mkonga katika giza totoro, hukwangua ukuta kwa pembe na kula vipande vya jiwe. Nyati na paa huja nyuma yao kulamba. Wafugaji nao walichimba chumvi hiyo kwa ajili ya mifugo yao. Ndani ya pango la Kitum, linaloingia mlimani karibu mita 200, mikwaruzo ya pembe ipo hadi leo. Wachimbaji walikuwapo kweli, na kazi yao ilikuwa ya vizazi na vizazi, ila hawakuwa taifa lililotoka mbali.

Hapo ndipo panapoonyesha tofauti kati ya Thomson wa Ruvuma na Thomson wa Elgon. Kule Ruvuma alikuwa na muda, akafuata mwamba hatua kwa hatua, na akaamini alichokiona hata kama kilimharibia. Elgon alikaa siku chache tu, hakuwa na taa ya kumfikisha mwisho wa giza, na ubongo ulijaza mwenyewe pale macho yalipoishia. Maneno ya wenyeji kwamba hakuna binadamu aliyejenga mapango yale yalikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko nadharia ya msomi.

Gharama ya safari

Mwisho wa mwaka 1883, mara tu baada ya kuondoka Elgon, Thomson alimpiga risasi nyati akidhani amekufa, akamsogelea. Nyati akainuka, akamrusha juu na kumtoboa paja. Wapagazi wake walimwokoa na kumbeba kwa machela. Alipoanza kutembea tena akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu, akalala wiki nyingi katika nyanda za baridi juu ya Naivasha akisubiri kufa au kupona. Alifika pwani katikati ya mwaka 1884 akiwa mifupa na ngozi.

Kitabu chake kuhusu nchi ya Wamaasai kilitoka mwaka 1885, na mwaka huo huo akatunukiwa nishani ya dhahabu ya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia. Swala mdogo wa nyika za Kenya na Tanzania aliitwa kwa jina lake. Maporomoko ya Nyahururu aliyapa jina la ukoo wake, kwa heshima ya baba yake mchimba mawe.

Hakutulia. Alikwenda Sokoto mwaka 1885 kutafuta mikataba kwa ajili ya kampuni ya biashara ya Kiingereza, akapanda milima ya Atlas huko Moroko mwaka 1888, na mwaka 1890 akatumwa na kampuni ya Cecil Rhodes kwenda Katanga kwa Mwami Msiri. Ndui iliyoingia katika msafara wake ilimzuia kufika. Njia alizozifungua kwa hongo na maneno laini zilipitwa baadaye na watu waliokuja na bendera na bunduki, na mikataba aliyoitafuta miaka ya mwisho ilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Hilo nalo limo katika hesabu ya maisha yake.

Alifariki London tarehe 2 Agosti 1895, akiwa na miaka 37. Siku moja kabla yake, kaskazini mwa Uingereza, Mfaransa Édouard-Alfred Martel alikuwa ameshuka kwa ngazi ya kamba hadi chini ya shimo la Gaping Gill, karibu mita 100. Martel, aliyekuwa mwanasheria kwa kazi yake, alianzisha mwaka huo huo huko Paris chama cha elimu ya mapango. Kuingia mapangoni kwa mpangilio, kwa kamba, taa na ramani, kulianza kuwa fani pale pale ambapo maisha ya Thomson yaliishia.

Palipobaki pa kutazama

Mtu anayeanza leo kutafuta mapango Afrika Mashariki anahitaji vitu viwili ambavyo Thomson alivitumia, kimoja vizuri na kingine vibaya: kulijua jiwe, na kuwasikiliza wenyeji. Jiwe huonyesha wapi pa kutafuta. Penye chokaa kama Amboni, Tanga, maji ndiyo yaliyochimba. Penye volkano kama Chyulu na Suswa nchini Kenya, lava ilipita chini kama mto wa moto na kuacha mahandaki marefu. Penye matumbawe ya kale, mwambao mzima una mashimo, kama Shimoni na Mangapwani. Katika Panga ya Saidi, Kilifi, watafiti walitangaza mwaka 2021 kaburi la mtoto aliyezikwa miaka ipatayo 78,000 iliyopita.

Jiwe hilo la matumbawe linaendelea kusini kuvuka Ruvuma hadi pwani ya Palma na Olumbi, ambako wafanyabiashara wa Mtwara na Cabo Delgado wamekuwa wakipishana na samaki, nguo na nafaka. Mvuvi anayejua maji matamu yanatokea wapi kati ya mawe anajua pia pango liko wapi. Mapigano yaliyoanza mwaka 2017 katika jimbo hilo yameifanya safari ya huko kuwa ya kuuliza kwanza na kwenda baadaye, na pango lolote la nchi yenye vita si mahali pa kuingia kwa udadisi.

Wenyeji nao hueleza mengine ambayo jiwe haliyasemi. Wanajua pango ni la tambiko, nani mwenye kutoa ruhusa, na msimu gani maji hujaa ghafla. Anayeingia huingia na wenzake, si peke yake, akiwa na kofia ngumu na taa zaidi ya moja, na nje amebaki mtu anayejua saa ya kumtarajia. Popo nao si wa kuchezewa. Mwaka 1980 na mwaka 1987 wageni wawili waliotembelea Kitum waliugua homa ya Marburg wakafa, na baadaye popo wa matunda waishio mapangoni walithibitika kubeba virusi hivyo. Katika hifadhi ya Elgon, askari wa wanyamapori ndiye wa kumfuata kabla ya kusogelea mlango wowote.

Kitum bado iko wazi, na tembo waliosalia mlimani bado wanajulikana kuingia. Ruvuma nayo ilikuja kutoa utajiri wake. Mwaka 2010 gesi asilia ilitangazwa kugunduliwa chini ya bahari, mbele ya pwani ya Palma, kilomita nyingi kutoka makorongo ambayo Thomson alishuka. Makaa aliyosema hayapo pale alipochimba hayakupatikana hapo.